Rekodi ya mwisho si mwisho wa jibu: makosa yanayojificha ukisoma matokeo ya LDAP katika Java

Tazama kipande hiki cha Java. Kimo katika programu nyingi zinazovuta orodha ya watumiaji kutoka seva ya LDAP, itifaki ya kuuliza saraka za watumiaji na makundi:

```java
NamingEnumeration<SearchResult> matokeo =
        ctx.search(msingi, kichujio, masharti);
while (matokeo.hasMoreElements()) {
    hifadhi(matokeo.nextElement());
}
```

Kinakompailiwa bila onyo, kinapita majaribio yote yenye watumiaji kumi, na kinafanya kazi vizuri mpaka saraka ikue. Siku seva inapofika kikomo chake, tuseme baada ya rekodi 500, kitanzi kinaisha kama kawaida. Hakuna eksepsheni, hakuna mstari hata mmoja kwenye logi, na mkononi una watu 500 wanaoonekana kuwa ndio wote. Ikiwa kazi inayofuata ni kulinganisha orodha hiyo na hifadhidata na kuzima akaunti za wasiomo, wote waliobaki nje ya hao 500 watafungiwa mlango, na atakayetafuta chanzo atakuta logi safi.

Hili si kosa la seva. Seva ilisema wazi kwamba imeishia njiani. Ni msimbo ndio uliochagua kutosikia.

Hukumu huja mkiani

Itifaki, kama ilivyoandikwa katika RFC 4511 (hati ya viwango vya intaneti) ya mwaka 2006, haijibu utafutaji kwa furushi moja. Kila rekodi hutumwa kama ujumbe wake, SearchResultEntry. Kati ya rekodi seva inaweza kupenyeza SearchResultReference, yaani kielekezi kinachosema kwamba sehemu nyingine ya data iko kwa seva fulani. Mwishoni kabisa huja ujumbe mmoja tu wa SearchResultDone, na ndani ya huo ndimo ilimo namba ya matokeo: 0 ni kufaulu, 3 muda umeisha, 4 idadi imezidi, 11 kikomo kilichowekwa na msimamizi kimevukwa, 51 seva imeelemewa, 52 haipatikani.

Aliyezoea HTTP hujua hali ya jibu kwenye mstari wa kwanza kabisa. Hapa mambo ni kinyume. Ukiwa umeshika rekodi ya 499 bado hujui kama utafutaji umefaulu au umeshindwa, na huwezi kujua mpaka ujumbe wa mwisho usomwe. Kila uamuzi katika msimbo wako unapaswa kutokana na jambo hilo moja: rekodi ulizonazo ni za muda, zinasubiri hukumu.

JNDI, maktaba ya LDAP iliyomo ndani ya Java yenyewe, inafuata mpangilio huo kwa makusudi. Makosa ya mapema, kama msingi wa utafutaji usiokuwepo, mara nyingi hurushwa na `search()` yenyewe. Lakini makosa ya vikomo na vielekezi huahirishwa: maktaba inakupa kwanza rekodi zote zilizofika, kisha unapoita `hasMore()` baada ya ile ya mwisho, ndipo inarusha eksepsheni. Kwa hiyo kuizungushia `search()` peke yake `try` na kuacha kitanzi nje ni kulinda mlango wa mbele huku wa nyuma uko wazi.

hasMore na hasMoreElements

NamingEnumeration inarithi Enumeration ya zamani, na Enumeration haina nafasi ya kurusha NamingException. Ndiyo sababu kuna jozi mbili za methodi. `hasMore()` na `next()` hurusha. `hasMoreElements()` na `nextElement()` haziwezi, na katika maktaba ya LDAP ya Java hufanya hivi: zinaita ndugu zao, zinakamata NamingException, zinasafisha, kisha ya kwanza inarudisha `false` na ya pili inarudisha `null`. Kosa limemezwa. Huwezi kulirudisha baadaye kwa kuuliza, kwa sababu halikuhifadhiwa popote unapoweza kulifikia.

Wengi wanalijua hilo la `hasMoreElements()`. Wasichokiangalia ni njia za mzunguko. `Collections.list(matokeo)` ni fupi na inapendeza, lakini ndani yake inatumia `hasMoreElements()`. `matokeo.asIterator()`, iliyoongezwa katika Java 9, vilevile. Mtu anaandika mstari mmoja nadhifu wa kugeuza mkondo kuwa List, na kwa mstari huo amezima makosa yote. Unapokagua msimbo wa mwenzako, hizi mbili ndizo za kutafuta kwanza.

Kitanzi kinachosikia kila kitu kina umbo hili:

```java
NamingEnumeration<SearchResult> matokeo = null;
NamingException kosa = null;
try {
    matokeo = ctx.search(msingi, kichujio, masharti);
    while (matokeo.hasMore()) {
        SearchResult rekodi = matokeo.next();
        try {
            watu.add(geuza(rekodi));
        } catch (RekodiMbovu e) {
            mbovu.add(rekodi.getNameInNamespace());
        }
    }
} catch (NamingException e) {
    kosa = e;
    throw e;
} finally {
    if (matokeo != null) {
        try {
            matokeo.close();
        } catch (NamingException e) {
            if (kosa == null) throw e;
            kosa.addSuppressed(e);
        }
    }
}
```

Ni kirefu, nakubali. NamingEnumeration haitekelezi AutoCloseable, kwa hiyo `try` ya kisasa yenye rasilimali kwenye mabano haikubali kuishika moja kwa moja. Unaweza kutengeneza klasi ndogo ya kuifunika mara moja na kuitumia kila mahali; naona inafaa sana ikiwa una zaidi ya sehemu mbili zinazotafuta.

Kuna mambo mawili ya kutazama kwa karibu humo. La kwanza ni `try` ya ndani. Imezunguka `geuza()` peke yake, haikugusa `hasMore()` wala `next()`. Rekodi isiyo na barua pepe ni tatizo la rekodi hiyo moja: iandike pembeni, endelea na nyingine. Mkondo uliokatika ni tatizo la orodha nzima. Ukiyachanganya haya mawili kwa kuweka `catch` moja pana ndani ya kitanzi, utapata ubaya mmoja kati ya miwili: ama rekodi moja mbovu inaangusha usomaji wote, au kosa la mkondo linahesabiwa kama rekodi mbovu na kitanzi kinarudi kuuliza `hasMore()` kwenye kitu kilichokwisha kufa. Nyaraka za Java zinasema wazi kwamba NamingEnumeration ikisharusha NamingException haifai tena kutumika. Usiirudie. Ifunge, uanze utafutaji mpya ikibidi.

La pili ni `close()` ndani ya `finally`. Ukisoma mkondo mpaka mwisho, maktaba hujisafisha yenyewe. Lakini ukitoka katikati, kwa `break` au kwa eksepsheni yako mwenyewe, seva bado inaendelea kutuma. `close()` ndiyo inayoiambia iache. Na kama unatumia akiba ya miunganisho kwa kuweka `com.sun.jndi.ldap.connect.pool`, muunganisho haurudi kwenye akiba mpaka muktadha (`ctx`) na NamingEnumeration zote mbili zifungwe. Dalili yake inachelewa: programu inakwenda vizuri kwa saa kadhaa, halafu, ikiwa akiba imewekewa kikomo, thredi zinaanza kupanga foleni kusubiri muunganisho ambao hauji. Nayo `addSuppressed` ipo ili kosa la kufunga lisifunike kosa la msingi. Bila hiyo unaweza kusoma kwenye logi kwamba kufunga kumeshindwa na usijue kabisa kwamba chanzo kilikuwa kikomo cha muda.

Kila eksepsheni na tiba yake

JNDI inageuza namba za LDAP kuwa klasi, na klasi hizo zinatofautiana sana kwa maana. Namba 4 inakuwa SizeLimitExceededException, 3 inakuwa TimeLimitExceededException, na zote mbili ni watoto wa LimitExceededException, ambayo ndiyo 11 inayoileta. Kwa hiyo `catch` za watoto zitangulie ya mzazi. Namba 32 inakuwa NameNotFoundException, 49 AuthenticationException, 50 NoPermissionException, 51 na 52 ServiceUnavailableException. Kukatika kwa mtandao huja kama CommunicationException.

Kurudia kunafaa kwa 51, 52 na kukatika kwa mtandao, tena kwa kusubiri kidogo na kuongeza muda kila jaribio. Kurudia 4 au 11 ni bure: seva itakata palepale. Kurudia 49 ni hatari, kwa sababu seva nyingi hufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa mabaya, na utakuwa umeifungia nje akaunti ya huduma ambayo programu nzima inaitegemea. Ukirudia, anza upya tangu mwanzo na orodha tupu. Itifaki ya msingi ya LDAP haina namna ya kuomba kuendelea tangu rekodi ya 312, na mpangilio wa rekodi haujaahidiwa kubaki uleule.

Usitegemee CommunicationException peke yake kwa mambo ya mtandao. Muda wa kusubiri jibu ukiisha, ujumbe wenye maneno "LDAP response read timed out" unaweza kukujia kama NamingException tupu. Anayekamata klasi maalumu tu ataukosa.

Na muda huo wa kusubiri wenyewe hauwekwi bila wewe. Watu huita `setTimeLimit()` ya SearchControls wakidhani wamemaliza. Hicho ni kikomo kinachopelekwa kwa seva ili ijizuie yenyewe. Kama njia ya mtandao imekufa kimya katikati, seva haipo kukuambia chochote, na thredi yako itasubiri bila mwisho. Weka sifa mbili kwenye mazingira ya muktadha:

```java
env.put("com.sun.jndi.ldap.connect.timeout", "5000");
env.put("com.sun.jndi.ldap.read.timeout", "30000");
```

Thamani ni milisekunde, na ziandikwe kama String, si kama namba. Muda wa kusoma unahusu kusubiri jibu, hauhusu utafutaji wote, kwa hiyo mkondo mrefu wenye afya hauathiriki.

Vikomo na kurasa

OpenLDAP, seva ya LDAP ya chanzo huria, isipoguswa hukata kwenye rekodi 500. Active Directory, saraka ya Microsoft, hukata kwenye 1000, kwa mpangilio unaoitwa MaxPageSize. Ndiyo maana orodha pungufu huwa na idadi ya mviringo. Ukiona jumla ya 500 au 1000 kamili kwenye ripoti, simama hapo kwanza.

Tiba ya kawaida ni kuomba kwa kurasa, kwa kontroli (kiambatisho cha ombi) iliyoelezwa katika RFC 2696:

```java
byte[] kuki = null;
do {
    ctx.setRequestControls(new Control[] {
        new PagedResultsControl(400, kuki, Control.CRITICAL) });
    somaUkurasaMzima(ctx);
    kuki = null;
    Control[] majibu = ctx.getResponseControls();
    if (majibu != null) {
        for (Control c : majibu) {
            if (c instanceof PagedResultsResponseControl p) {
                kuki = p.getCookie();
            }
        }
    }
} while (kuki != null && kuki.length > 0);
```

Kuki, alama ya seva inayoonyesha ukurasa unaofuata uanzie wapi, inasafiri pamoja na SearchResultDone, mkiani kama kila kitu kingine cha maana. Kwa hiyo `somaUkurasaMzima` lazima isome mpaka `hasMore()` irudishe `false` yenyewe. Ukitoka mapema hutapata kuki, na kitanzi cha nje kitadhani kurasa zimekwisha. Huo ni upungufu wa kimya uleule tulioanza nao, safari hii umeingia kwa mlango mwingine. Mstari wa `kuki = null` kabla ya kutazama majibu nao si pambo: ukiuacha, na ukurasa ukarudi bila kontroli, utatuma kuki ya zamani tena na tena.

Weka CRITICAL. Seva isiyojua kurasa itakataa kwa namba 12, nawe utaona OperationNotSupportedException. Ukiweka NONCRITICAL seva hiyo inaruhusiwa kupuuza ombi lako la kurasa na kujibu kawaida.

Kurasa hazitibu kila kitu. Katika OpenLDAP jumla ya rekodi za kurasa zote nayo ina kikomo, `size.prtotal`, na isipowekwa hufuata kikomo kigumu cha mtumiaji. Unaweza kuomba kurasa za rekodi 100 na bado ukakatwa kwenye rekodi ya 500. Hapo Java haina la kufanya. Mwombe msimamizi aipe akaunti ya huduma kikomo kikubwa zaidi. Mtandao ukikatika ukurasa wa saba, usijaribu kutumia kuki ile kwenye muunganisho mpya. Anza ukurasa wa kwanza.

Upo upungufu mwingine ambao hautoi eksepsheni hata kwa anayetumia `hasMore()`. Kundi lenye wanachama wengi katika Active Directory halirudishi sifa ya `member` yote. Linarudisha `member;range=0-1499`, na `member` yenyewe inaonekana tupu. Namba ya matokeo ni 0, kila kitu ni sahihi kwa mujibu wa seva. Ukisoma makundi, tafuta jina la sifa lenye `;range=`, kisha omba kipande kinachofuata mpaka ukutane na kile kinachoishia kwa nyota.

Vielekezi

PartialResultException yenye maneno "Unprocessed Continuation Reference(s)" ni jambo la kawaida mno kwa anayetafuta kuanzia kwenye mzizi wa Active Directory. Seva imetuma vielekezi, na wewe hukusema vifanyweje. Ushauri unaozagaa ni kuikamata na kuinyamazisha. Mimi siupendi, kwa sababu huo ni uamuzi kwamba data iliyoko kwa seva nyingine huihitaji, na uamuzi huo unafaa kufanywa na mtu anayejua mpangilio wa saraka. Njia safi zaidi ni kushusha msingi wa utafutaji kwenye tawi lenye watumiaji tu. Kama unahitaji msitu mzima (forest, yaani vikoa vyote vya Active Directory vilivyounganishwa), uliza katalogi ya jumla (Global Catalog) kwenye bandari 3268, au 3269 kwa TLS, ukikumbuka kwamba haina sifa zote. Kuweka `Context.REFERRAL` kuwa `follow` hufanya maktaba iende yenyewe kwenye kila seva iliyotajwa, na majina ya seva hizo yasipotatulika kwenye DNS yako utabadilisha kosa moja kwa kungoja kurefu.

Wanaotumia Spring LDAP, maktaba inayoifunika JNDI, wasifikiri haya hayawahusu. LdapTemplate ina swichi inayoitwa `ignoreSizeLimitExceededException`, na isipoguswa iko `true`. Yaani kikomo cha idadi kinamezwa kwa chaguo-msingi. Kwa ukurasa wa kutafuta jina wakati mtumiaji anaandika, hilo ni sawa kabisa; anahitaji majina ishirini, si yote. Kwa kazi ya kusawazisha akaunti, iweke `false` kabla ya jambo lingine lolote. `ignorePartialResultException` iko `false` tangu mwanzo, iache hivyo.

UnboundID, maktaba nyingine ya LDAP kwa Java, imelipanga jambo hili vizuri zaidi. LDAPEntrySource hurudisha `null` mkondo ukiisha salama, na hurusha EntrySourceException ukiisha vibaya. Eksepsheni hiyo inajibu swali ambalo JNDI haikuruhusu kuliuliza: `mayContinueReading()`. Ikiwa `true`, umekutana na kielekezi tu na unaweza kuendelea. Ikiwa `false`, mkondo umekufa. Kwa mradi mpya ningeanza na hiyo.

Usikabidhi kabla ya hukumu

Kusoma kwa mkondo kuna kishawishi cha kuandika kila rekodi kwenye hifadhidata inapofika. Kumbukumbu inabaki ndogo, na ni sahihi kwa hilo. Ila iandike kwenye jedwali la muda. Hesabu rekodi zilizosomwa, hesabu na zilizo mbovu, na subiri `hasMore()` irudishe `false` bila kurusha. Hapo tu ndipo ubadilishe jedwali la muda na la kudumu ndani ya muamala mmoja. Eksepsheni yoyote kabla ya hapo inafuta jedwali la muda na kuacha data ya jana ilivyo. Ufunguo wa kila rekodi uwe `entryUUID`, au `objectGUID` kwa Active Directory, si DN (jina kamili la rekodi ndani ya saraka), kwa sababu DN hubadilika mtu akihamishwa tawi. `objectGUID` ni baiti. Itaje kwenye `java.naming.ldap.attributes.binary`, vinginevyo Java itaigeuza maandishi na kuiharibu.

Ukitaka kuwapa wenzako Stream badala ya NamingEnumeration, andika Iterator yako mwenyewe inayoita `hasMore()`, na uifunge NamingException ndani ya eksepsheni isiyolazimu kukamatwa, kwa mfano wa UncheckedIOException iliyomo katika Java 8. Weka `onClose`. Halafu waambie kwenye maelezo ya methodi kwamba `limit()` na `findFirst()` haziufikii ujumbe wa mwisho, kwa hiyo matokeo yake hayathibitishi ukamilifu.

Kujaribu haya ni rahisi kuliko inavyoonekana. Washa InMemoryDirectoryServer ya UnboundID ndani ya jaribio, ingiza watumiaji watano, kisha tafuta ukiwa umeita `setCountLimit(3)`. Jaribio lidai mambo matatu: rekodi tatu zimesomwa, SizeLimitExceededException imerushwa, na jedwali la kudumu halikuguswa. Badilisha `hasMore()` kuwa `hasMoreElements()` kwa dakika moja na uliendeshe tena. Lisipoanguka, jaribio lenyewe ndilo lenye kasoro.